Andika Mia

*Kwenye gati la maji, Nyantakara, wilayani Biharamulo. Saa moja asubuhi.*

KOKI: Shikamoo, Mzee Dumu. Mbona unapita kama hatujuani?

DUMU: Marahaba, mwanangu. Tunawahi bondeni, ng'ombe hawajafika.

KOKI: Mkayanywe yale matope, nami nipo?

DUMU: Wewe una bei.

KOKI: Bei! Tuseme shilingi 50 kwa dumu. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 kama wewe, shilingi 2,500. Mwenye nyumba wako jana kaweka vocha ya 1,000 hata chai hajanywa.

DUMU: Alishahojiwa. Kijana alikuja na makaratasi: "Mzee, maji yakiwa safi zaidi, uko tayari kulipa kiasi gani kwa dumu?" Baba akasema maji ni ya Mungu. Alipoona kijana hajaandika kitu, akamhurumia: "Basi andika mia."

KOKI: Mia! Kumbe yuko tayari!

DUMU: Karatasini. Hela ya maji hutoka kwenye pindo la kanga ya mama, na mama siku hiyo alikuwa bondeni, mimi nikiwa kichwani kwake. Nani alimuuliza?

KOKI: Nyie mlidekezwa. Mwaka 1971 serikali iliahidi kwamba ndani ya miaka 20 kila kijiji kitapata maji, tena bure. Miaka 20 ikapita. Sera ya 2002 ikaja: mita 400 kutoka nyumbani, lakini gharama za uendeshaji mchangie.

DUMU: Bure ipi, mwanangu? Kuni za kuchemshia? Mtoto akiharisha, bodaboda ya kwenda zahanati? Tunalipa kila siku, ila deni hilo halina dira, ndiyo maana hamlisomi. Na juzi mama alikuja hapa, hamsini yake mkononi. Ukamkoholea, fyuuu, upepo mtupu.

KOKI: Dizeli ya pampu ilikwisha. Kamati inangoja watu walipe ndipo inunue.

DUMU: Na watu wanangoja maji yatoke ndipo walipe.

KOKI: Ndiyo maana kila wiki kuna kikao.

DUMU: Kikao hakikosi soda.

KOKI: Usinichongee, mzee. Njoo leo, natoka mfululizo. Saa nne anakuja mgeni rasmi.

DUMU: Anaondoka saa ngapi?