Hotuba Rasmi Kuhusu Ndoo ya Tingatinga

Wazee wa Abothuguchi, akina mama wa chai na kahawa, mafundi mliokuja mkidhani mnaijua kazi, na nyinyi vijana wa bodaboda mlioacha abiria sokoni Githongo ili mnisikilize: ketini. Nitayasema haya mara moja tu, nayo mara hiyo itakuwa ndefu.

Mimi ni Mtaalamu Mkuu wa Ndoo. Cheo hiki nilitunukiwa na kamati niliyoiteua mwenyewe. Wakati wa kujadiliwa nilitoka nje kwa adabu, kisha nikarudi kupiga kura.

Tuanze na historia, maana msomi asiyeanza na historia hulipwa kidogo. Mwaka 1839 Mmarekani William Otis alipewa hataza ya mashine ya kuchimba kwa nguvu za mvuke. Mwaka 1953 kampuni ya JCB ya Uingereza ikatoa mashine yenye koleo mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Tangu hapo watengenezaji wamehangaika na ndoo za kila upana: sentimita 30, 45, 60, 90, 120. Walihangaika kwa sababu hawakuniuliza. Jibu ni 120.

Fundi mmoja wa hapa, kijana asiye na cheo chochote isipokuwa nyumba zilizosimama, ameninong'oneza kwamba ndoo hufuata mchoro. Eti kama mchoro wa nyumba ya kawaida unataka msingi wa sentimita 60, ndoo nayo iwe ya 60, ipite mara moja na kutoka. Tazameni unyonge huo! Mtu ajenge kwake halafu jirani zake wapite barabarani bila hata kugeuza shingo?

Kisha akanitolea hesabu. Mitaro yote ya nyumba, ya nje na ya ndani, ikifika mita 60, na zege la chini likiwa na unene wa sentimita 20, mtaro wa sentimita 60 unameza mita za ujazo 7.2. Wa sentimita 120 unameza 14.4. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne, ziada hiyo ni kama mifuko 45 ya saruji ya kilo 50, mchanga na kokoto kando. Nilimsikiliza kwa huruma. Hajui kwamba mwenye duka la vifaa vya ujenzi naye ana watoto wa kusomesha? Na zege lililofukiwa ardhini halidanganyi: mwenye nyumba atajua daima kwamba fedha zake ziko salama mahali asipoweza kuzifikia.

Akadai tena kwamba mtaro mpana huacha nafasi kubwa pande zote za ukuta, na kwamba nafasi hiyo hujazwa udongo kwa tabaka nyembamba, kila tabaka ikishindiliwa. Vizuri. Vijana wanalia kila siku kwamba hakuna kazi.

Kuhusu meno ya ndoo, fundi wangu anasema yanakwaruza na kulegeza sakafu ya mtaro, kwa hiyo mashine isimame kabla ya kina kamili, na sentimita za mwisho zichimbwe kwa jembe na sepetu hadi kwenye udongo mgumu. Ukizidisha kina, anasema, usirudishe udongo uliolegea; jaza zege. Mimi nasema nyumba ikae juu ya udongo laini. Nani kati yenu hulalia ubao mtupu?

Nasikia pia kwamba Githongo ni miteremko ya Mlima Kenya, kwamba msingi hapa hushuka kwa ngazi, kila ngazi ikiwa imesawazishwa, na kwamba mitaro ya vyumba vya ndani huchimbwa kwanza huku mashine ikirudi nyuma, isije ikakanyaga kingo za mitaro yake yenyewe. Mambo madogo. Kilima kikinisumbua, nitakiondoa. Kuta za ndani zikinisumbua, jengeni ukumbi.

Na wale wanaohofia mvua za Machi na Oktoba, eti mtaro uliochimbwa mapema hujaa maji na kingo zake kuporomoka: wekeni samaki. Kwa upana wangu watageuka bila shida.

Kwa hiyo ninahitimisha. Udongo mwekundu, 120. Mwamba, 120. Nyumba ya ghorofa, choo, banda la ng'ombe: 120. Sayansi haina mjadala, na asiyeridhika aende akashtaki kwa wazee wa baraza la Njuri Ncheke kule Nchiru.

Sasa nitapokea swali moja. Ndiyo, mama uliye nyuma na kikapu cha chai.

Unauliza mashine yangu ina ndoo ngapi?

Mama, swali hilo liko nje ya mada. Amana ya kukodisha inalipwa pale mezani.