Mheshimiwa na Dunia Yake

Kila mwaka Bunge linapojadili bajeti ya Mambo ya Nje pale Dodoma, husimama mheshimiwa wa aina ile ile. Anamshukuru Mungu, Rais, Waziri, Naibu Waziri, wapiga kura, mwenza wake na watoto. Dakika zinayoyoma. Goma ataigusa, ila kwa kupitia barabara ya vumbi ya jimboni kwake, ambayo yaelekea ndiyo njia ya huko. Sudan anaiombea amani; diaspora anaiomba madawati. Kengele inalia. Anaunga mkono hoja kwa asilimia mia. Makofi!

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi 8 tangu Somalia ijiunge 2024. Ndugu mpiga kura, akirudi jimboni mwambie azitaje. Barabara usimuulize, hiyo kaisemea vya kutosha.