Povu la Baba Mkwe

Jumamosi iliyopita, saa mbili usiku, baba mkwe wangu alitoka bafuni na povu kichwani, kajifunga kanga ya binti yake. Nyumba nzima ilikuwa giza totoro. Nikammulika kwa tochi ya simu, na hapo ndipo nilipoharibu, maana mzee aligeuka kukwepa mwanga, na mwanga ukatua kwenye maandishi ya kanga, yaliyomkaa pale pasipotazamwa na mkwe: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

"Mwanangu," akasema taratibu, bado kanipa mgongo, "hita yako imelia pa! na taa zimezima. Sasa nijisuuze vipi?"

Mzee ni wa Makete, ambako Juni na Julai umande huganda majanini. Hakuja Kilwa Masoko kufuata maji ya moto. Maji ya simtanki letu, yakishapigwa na jua mchana kutwa, yanakaribia kuivisha yai. Hita niliinunua mimi, mwaka jana alipoanza kuahidi kuja, asije akasema binti yake kaolewa na mtu wa pwani asiyejua kupokea wageni.

Na hita ilikuwa imeshanionya. Miezi miwili inaunguruma kama sufuria ya kande, na kila mke wangu akiuliza namjibu, "Ni maji yanachemka hayo," kwa sauti ya mtu aliyesomea.

Fundi alikuja Jumapili. Akazima breka, akafunga maji, akalimwaga tangi, akalegeza boliti na kuivuta koili. Ilitoka kwa kubembelezwa. Kitu chembamba kama kidole kilikuwa kimenenepa, cheupe, kina magamba. "Kaka," akasema, "hii koili au muhogo?" Akaigonga kwa bisibisi. Gamba likadondoka sakafuni, likalia kama kigae. Chini yake chuma kilikuwa cheusi, kimepasuka ufa mwembamba wa unywele. Maji yaliingia humo, yakakutana na umeme, breka ikafanya kazi yake, na baba mkwe akabaki na povu.

Lile gamba sikulitupa. Nililiweka kwenye kisosi, nikalimwagia siki, likatoa mapovu na kuchirizika mpaka watoto wakaja kutazama. Ni chokaa. Mvua inapoanguka hubeba hewa ya kaboni, kwanza ya angani kisha ya udongoni, ikawa na uchachu kidogo. Ikipenya kwenye mwamba wetu wa matumbawe inaulamba, na chokaa inaingia kisimani ikiwa imeyeyuka, huioni. Yapashe moto maji hayo: ile hewa inatoroka, chokaa inakosa wa kuibeba, inaganda palipo na joto zaidi, yaani kwenye koili. Koili ikishavishwa koti, joto lake halitoki. Maji machache yaliyonaswa chini ya magamba yanachemka peke yake na kupasuka, ndiyo ile kande. Koili inajiunguza yenyewe. Na mimi, kwa ukarimu, nilikuwa nimeipandisha thamostati hadi mwisho kabisa, wakati nyuzi 60 zingemtosha hata mtu wa Makete.

Kinachonishangaza ni kwamba mafundi wa Kilwa Kisiwani walifanya hivyo hivyo kwa makusudi. Walichoma matumbawe, hewa ikatoka, ikabaki chokaa. Wakaipaka ukutani, ikaivuta tena hewa ile ile na kugeuka jiwe. Kwa chokaa hiyo lilijengwa Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lenye birika la kuogea la pembe nane, na hakuna hata mmoja aliyetoka humo kwa sababu ya breka. Hita yangu nayo ilikuwa inajijengea Husuni, gamba kwa gamba.

Mzee alisikiliza maelezo yote haya, kisha akauliza kwa nini nisitumie gesi, maana kasikia gesi ni ya kwetu. Hapo nilikosa la kuchekesha. Gesi ya Songo Songo, wilaya hii hii, iligunduliwa mwaka 1974. Tangu 2004 inapita kwenye bomba chini ya bahari, inatokea Somanga, inaendelea zaidi ya kilometa 200 mpaka Dar es Salaam. Kwangu haijapita. Mtungi ulioko jikoni una gesi nyingine, ya kuja kwa meli kutoka nje, kisha kwa lori kutoka Dar, barabara ile ile, kuelekea upande ambao yetu inatoka. Ukiisha siku ya mvua, tunawasha mkaa. Nimezaliwa naitazama bahari iliyolala juu ya bomba hilo, na moshi unaniingia machoni.

 

Jumatano mzee aliondoka. Wenzangu wakwe zao hubeba korosho na pweza mkavu; wangu alibeba gamba la koili, kalifunga kwenye gazeti, akawaonyeshe wa kwao Makete. Jana usiku kapiga simu kusema amefika salama.

"Na hita?"

"Imepona, baba. Koili mpya."

Kimya kidogo kikapita. Bafuni, nyuma yangu, kande ikaanza kuchemka.

"Naisikia," akasema.