Jamani, Hata Rangi ya Kitreni!

Mch! Binadamu akishiba hutafuta pa kugombania. Mnawajua wale wazee wa Marekani wenye treni ndogo, zilizopunguzwa mara 87, reli zimezunguka chumba kizima? Usithubutu kuziita za kuchezea mbele yao, utatolewa nje hata chai hujamaliza. Watu wazima, wajukuu wanao, wamekikodolea macho kichwa cha treni cha kushika mkononi, wanabishana: kijani hiki ndicho, au sicho?

Na kijani chenyewe, basi! Kampuni ya reli ya Pennsylvania ilipaka vichwa vyake kijani kilichokolea hata ukikitazama kwa mbali unaapa ni cheusi. Mimi ningesema cheusi, nikaenda zangu kunywa kahawa. Mzee wa watu hasemi. Atachanganya tone la hili na tone la lile, apake, akipeleke dirishani, akirudishe chini ya taa. Loo! Dirishani kilikuwa kijani, chini ya taa kimegeuka. Anailaumu taa. Kesho ananunua balbu nyingine, na mama wa nyumba anaguna tu. Hapo hujagusia msiba wa 2013, rangi za Floquil zilipoacha kutengenezwa. Waliokuwa na akiba ya chupa wakazificha kama dhahabu ya bibi.

Halafu lije lile behewa la mkiani, alimokuwa akikaa gadi. Ole wako ulifunge nyuma ya kichwa kisicho cha zama zake! Utaulizwa mwaka, utaulizwa kampuni, utaulizwa nembo ilikuwa ubavu gani. Yote sharti yalingane, mbele mpaka nyuma.

Haya, sasa sikieni. Mwaka 1968 hiyo Pennsylvania iliungana na mahasimu wake wa New York Central, ikazaliwa Penn Central. Harusi kubwa! Juni 1970, chali, imefilisika. Aprili 1976 ikaingia kampuni mpya, Conrail, na buluu yake, ikarithi vichwa na mabehewa ya makampuni kadhaa yaliyokwisha kufilisika. Mnadhani walivipaka vyote usiku mmoja? Thubutu! Treni zikawa zinapita kichwa cheusi cha Penn Central kimetangulia, cha buluu kinafuata, katikati kila ukoo umeleta behewa lake, na gadi wa watu amekaa nyuma kwenye behewa la kijani la marehemu Penn Central. Ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo yule bwana aliyejinyima usingizi ili treni yake ya 1976 iwe buluu tupu, mbele mpaka mkiani, ndiye aliyeharibu historia. Kamwambieni nyinyi, mimi sitaki kesi.

Lakini tusiwaonee wazee wetu, wakubwa wa reli wenyewe walikuwa hamnazo. Kampuni za Santa Fe na Southern Pacific zilipotaka kuoana, zilishindwa kusubiri kibali. Zikaanza kupaka vichwa nyekundu na njano. Santa Fe ikaandika SF ubavuni na kuacha nafasi ya SP, mwenzake akaandika SP na kuacha nafasi ya SF. Ili siku ya ndoa wajazie tu, mambo yaishe! Julai 1986 tume ya serikali ikasema hapana. Vichwa vikaendelea kuvuta mizigo nchi nzima na mapengo yao ubavuni, na watu wa reli wakapata utani wa bure: eti SPSF maana yake “Shouldn't Paint So Fast”, yaani msipake haraka.

Mtu mwingine angeona haya, jambo hilo lizikwe. Sivyo! Hivi leo kuna mzee amevaa miwani miwili, brashi ya unywele mmoja mkononi, anapaka nyekundu na njano ile ile juu ya kitreni chake. Herufi mbili kaziweka. Sasa kachukua rula, anapima pengo.

Pengo, jamani! Na likizidi kidogo, anakwangua yote aanze upya.