Sifa za Mvivu wa Kinamasi

Anakonda wa kijani kasingiziwa mengi, hasa na watu wasiowahi kumwona. Mimi pia sijamwona, ila angalau nitamsema vizuri.

Wanamwita mvivu. Haya, nani kati yetu hulala topeni kutwa nzima na chakula kikamfuata? Macho na matundu ya pua yake yako juu kabisa ya kichwa, basi mwili wote anauzamisha. Hujifunika magugumaji, yale yale yanayotukera Ziwa Victoria. Kwao Amerika Kusini ni shuka tu. Kapibara akija kunywa maji, shuka linafunuka.

Wanamwita mlafi. Mlafi gani huyo, akishammeza kapibara mmoja anakaa majuma bila kutia kitu kinywani? Jike mwenye mimba hupitisha karibu miezi 7 bila kula. Sisi tunafunga mwezi mmoja, na kila magharibi tunailipiza kwa futari.

Matusi alianza kutukanwa zamani. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, msomi wa Sweden, alimbatiza murinus, yaani "wa panya". Nyoka anayeweza kukaribia kilo 100! Mpelelezi Mwingereza Percy Fawcett akazidisha upande wa pili: alidai mwaka 1907 alimpiga risasi mmoja wa futi 62. Mzee, punguza. Huko New York kulikuwa na zawadi iliyofika dola 50,000 kwa atakayeleta nyoka hai wa zaidi ya futi 30 tu, na hakuna aliyeichukua. Nyoka mwenyewe hakudai lolote.

Lakini uungwana wake utazame kwenye ndoa. Katika mbuga za llanos, Venezuela, mwisho wa kiangazi, madume hata 13 humsokota jike mmoja wakawa donge la kamba zilizolowa. Hawang'atani. Wanasukumana polepole kwa majuma, kila mmoja akimkuna bibi harusi kwa vijikucha viwili karibu na mkia, masalio ya miguu ya mababu. Jike ni mkubwa kuliko wote, na mara nyingine humaliza sherehe kwa kummeza mchumba. Huko mahari ni mposaji mwenyewe.

Chatu wetu huatamia mayai. Yeye huzaa watoto hai, 20 hadi 40, majini. Hawanyonyeshi, hawalipii ada, hawanunulii sare. Anageuka, na njaa yake ya miezi 7, kwenda kulitafuta shuka lake.