Sifa za Mwani Usioalikwa

Wenye kusifu matumbawe wapo tele, na samaki wa rangi hawakosi washairi. Mimi nausifu mwani wa tangini: ule unaoota kama nywele za kijani juu ya jiwe, ule unaotanda kiooni, na ule wa vitufe vigumu unaojificha nyufani. Mwenye tangi la maji chumvi la lita 400 hununua taa, pampu na matumbawe, kipande kwa kipande, na kila kipande kina deko lake. Mwani haununuliwi. Huingia umejibanza chini ya tumbawe la bei kubwa, na wala haungoji siku ya tatu upewe jembe: hujitwalia wenyewe siku ya kwanza.

Nasaba yake si ya kubeza. Jamaa zake wa kale, bakteria wa kijani-buluu, walianza kuijaza dunia oksijeni zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, samaki hajulikani hata kwa jina. Tumbawe lenyewe, bibi harusi wa tangi, hulishwa na mwani: ndani ya nyama yake huishi miani isiyoonekana kwa macho, nayo ndiyo inayompa riziki na sehemu kubwa ya rangi yake. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kali, wapangaji hao walitoka, na matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, pamoja na ya pwani yetu, yakageuka meupe na kufa. Anayeapa kwamba hataki kuona mwani tangini mwake anajiombea msiba.

Ushujaa nao unao. Mwaka 1984 Caulerpa taxifolia, mwani wa mapambo, ulionekana baharini mbele ya Makumbusho ya Bahari ya Monaco, ukaendelea na safari katika pwani za Mediterania. Ulipogunduliwa California mwaka 2000, ulifunikwa kwa maturubai, ukamwagiwa klorini, ukagharimu mamilioni ya dola, na ushindi haukutangazwa hadi 2006. Nionyesheni ua la sebuleni lililowahi kupigiwa vita vya namna hiyo.

Wanaouita uchafu hawaujui uaminifu wake. Chakula kilichomwagwa kupita kiasi, maji ya bomba yaliyotiwa bila kuchujwa, mwani huviweka vyote hadharani, kwa kijani. Kipimo cha dukani kinaweza kusema fosfeti hakuna, na kisiwe kimedanganya: mwani umekwisha kuila.

Na kwa heshima yake huletwa samaki wageni kutoka mbali, waje kuula. Huja kangaja wa njano wa Hawaii, ambaye tangu 2015 wataalamu wameweza kumzalisha kwenye matangi. Hunyofoa nywele za kijani kutwa, ana wembe mkiani, na hapendi kumwona kangaja mwenzake. Anataka nafasi ya kuogelea, tangi lenye urefu wa sentimita 120 au zaidi. Huja kangaja wa jamii ya Ctenochaetus, mwenye meno kama brashi, hodari wa kuchana utando lakini asiyeviweza vishungi virefu. Huja Salarias fasciatus, mfupi, macho juu, sura ya mzee aliyeudhiwa, akikwangua jiwe na kioo kwa zamu. Huja tasi, ambaye wengine humwita chafi: wavuvi humheshimu kwa miiba yake yenye sumu, na wakulima wa mwani wa Zanzibar wanamlaumu kwa kula mazao yao. Huyo huthubutu hata miani ambayo wenzake huipita, ingawa siku nyingine huonja tumbawe. Kangaja aitwaye sohal, wa Bahari ya Shamu, anayefika sentimita 40 na hasira zake, na abaki huko kwao.

Hakuna mmoja wao anayekula kila aina. Basi mnunuzi hulazimika kwanza kuutazama mwani wake kwa makini, aujue ni wa nywele, utando au vitufe, ndipo aende dukani. Tumbawe gani limewahi kuchunguzwa kwa bidii hiyo? Na samaki akishashiba, hutoa kinyesi. Mbolea imebaki mlemle majini, na mwani hurudishiwa urithi wake. Aliyetaka kuupunguza kwa dhati angepunguza chakula na kubadilisha maji, kazi isiyo na rangi wala mapezi ya kuonyesha wageni.

Tuseme basi samaki wameshinda, jiwe jeupe, kioo safi. Baada ya muda tumbo la Salarias hubonyea na kangaja hukonda, maana walioajiriwa kula hawana tena cha kula. Mwenye tangi hukimbilia dukani kununua karatasi za mwani mkavu, zilezile ambazo Wajapani huviringishia wali, akazibana kiooni kwa kibanio. Alilipa ili mwani uondoke. Sasa analipa ili urudi. Wenyewe haujawahi kudai hata senti.