Asilimia Arobaini ya Nini?

Sina ugomvi na Januari. Hapa Minnesota Januari ni mwezi wenye msimamo: nje baridi inauma, ndani hita inanguruma, unavaa sweta juu ya sweta na koti juu yake, basi. Ugomvi wangu ni na Machi, na hasa na hawa watangazaji wa hali ya hewa wanaosimama mbele ya ramani, meno yote nje, wakisema: "Kesho kuna uwezekano wa mvua wa asilimia 40, huenda ikachanganyika na theluji, pengine na barafu, na mchana jua kidogo."

Mvua, theluji, barafu, jua. Wamesahau nzige tu.

Jirani yangu, mzee mzaliwa wa hapa ambaye joto likifika nyuzi 5 hutoka na kaptula, alinieleza kwa upole kwamba nawaonea. Asilimia 40, alisema, maana yake ni kwamba ukichukua siku kumi zilizofanana na kesho, nne zitapata mvua pale uliposimama. Na mvua yenyewe inahesabiwa kuanzia robo milimita. Robo milimita! Hiyo kwetu Handeni hata kuku hawaikimbii. Kwa hiyo ikinyesha, wamepatia. Isiponyesha, wamepatia pia, si walikuachia zile sita? Marekani imekuwa ikitangaziwa mvua kwa asilimia tangu miaka ya 1960, na sijaona kazi nyingine ambayo mtu hawezi kukosea hata akitaka.

Wana sababu zao, najua. Huko mawinguni matone mengi huanza yakiwa theluji. Yakipita kwenye tabaka la hewa ya vuguvugu yanayeyuka, yanakuwa mvua. Yakikuta baridi tena karibu na ardhi, yanagandia kwenye lami, na hapo ndipo utakapomwona mtu mzima na heshima zake anashuka ngazi kwa makalio. Nyuzi moja au mbili tu, juu au chini ya sifuri, ndizo zinazoamua. Isitoshe, dhoruba nyingi za msimu huu hujikusanya upande wa Colorado ndipo zipande kuja kwetu. Zikielekea kaskazini zaidi, Duluth inafukiwa na sisi tunapata manyunyu. Zikishuka kusini kidogo, tunafukiwa sisi. Kompyuta za Marekani zinasema hivi, za kituo cha hali ya hewa cha Ulaya zinasema vile, na mtangazaji anasuluhisha ugomvi wao kwa kuniletea mimi asilimia.

Lakini asilimia haivaliwi. Milimita 25 za maji zikishuka kama mvua zinajipeleka mtaroni zenyewe. Zikishuka kama theluji ni kama sentimita 25 za kuzoa kwa beleshi, theluji nzito ya Machi iliyojaa maji, na mwenye beleshi ni mimi. Ndiyo maana mlangoni kwetu mwezi huu hapapitiki: mabuti ya theluji, viatu vya mvua, mwavuli, beleshi, mfuko wa chumvi ya kumwaga ngazini, na raba za mwanangu ambaye kila asubuhi anachagua raba.

Ukilalamika, wenyeji hawakupi pole, wanakupa historia. "Hii si kitu. Ulikuwepo Aprili 2018?" Kweli, katikati ya Aprili mwaka ule Minneapolis ilipigwa na zaidi ya sentimita 35 za theluji, mechi za besiboli zikaahirishwa. Wanaisimulia kwa fahari, utadhani waliifyatua wao.

Juzi nikampigia mama Handeni, nikijua huko nako wanangoja masika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Huko kwenu mvua imeanza?"

"Asilimia 40, mama."

Akanyamaza. "Sasa hiyo unapanda au hupandi?"

Mama naye ameambiwa na redio kwamba mvua za msimu zitakuwa za wastani hadi chini ya wastani. Shamba limelimwa, mbegu ya mahindi iko ndani ya gunia, na kila asubuhi anatoka uani kutazama upande wa milimani kabla hajagusa jembe. Mimi nikikosea, nalowa soksi. Yeye akiwahi kupanda na mvua ikakata, mbegu imekwenda. Nikaona aibu kumwambia habari za ngazi.

"Na redio ikikudanganya, mama?"

"Naizima. Siku mbili haisemi kitu humu ndani."

Nikaupenda ushauri. Jioni ile mtangazaji alipojitokeza na ramani yake nikachukua rimoti, nikamzima. Mama watoto akaninyang'anya, akamwasha: anataka kujua kesho avae nini.

Asilimia 50.